Fundi wa siti ananizungusha

SWALI: Fundi mmoja wa Moshi alipokea malipo ya awali ashone siti za gari langu la Noah. Kila nikishuka kutoka Marangu ananiambia "njoo kesho". Naweza kushona mwenyewe?

JIBU: Unaweza, na hasira yako ni ya haki. Nauli ya kushuka na kupanda nayo ni hela. Anza na siti ya nyuma. Siti ya mbele yenye airbag ubavuni usiiguse: mshono wa pale umeshonwa makusudi upasuke mfuko unapofumuka.

Fungua bolti, pindua siti, kata vipete vya waya vinavyoshikilia kava. Fumua mshono taratibu kwa wembe, ukiandika namba kwa chaki nyuma ya kila kipande, maana vipande hivyo ndivyo vipimo vyako. Vilaze juu ya leza mpya, chora kufuata ukingo wake, usiongeze kitu, maana nafasi ya mshono tayari imo. Uzi uwe wa nailoni. Wa pamba huoza, na masika ya Marangu unayajua. Cherehani ya nguo hukwama kwenye tabaka nne, hapo mtafute mshona mabegi. Anika kava juani ilainike kabla ya kuivalisha.

Malipo yako yadai kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa wa fundi huyo.