Uchovu Usioisha: Ni Uvivu au Ni Sonona?



Vijana wenzangu, leo naomba tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalificha: ule uchovu usioisha. Siongelei uchovu wa mtu aliyetoka shambani, au aliyekesha kanisani usiku wa Pasaka. Huo ukilala unaisha. Naongelea uchovu ambao unalala nao na unaamka nao, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka unasahau mtu asiyechoka anajisikiaje.

Mimi nimeupitia. Nilikuwa na miaka 24, nina kazi, niko kwenye kwaya, na jumuiya sikukosa. Taratibu mambo yakaanza kugoma. Saa tisa usiku macho yanafunguka, silali tena mpaka alfajiri. Nikiamka, kunyanyua ndoo ya maji ya kuoga ni kama kunyanyua gunia la mahindi. Chakula hakina ladha. Mazoezi ya kwaya, ambayo nilikuwa nayasubiri wiki nzima, nikaanza kuyatafutia sababu za kukwepa.

Nyumbani mama akawa ananiuliza, "Mwanangu, uvivu huu umeutoa wapi?" Mwanakwaya mwenzangu akaniambia nimepoa kiroho. Mimi nikawaamini wote wawili. Basi kila mwezi nikawa naenda kitubio na orodha ileile: Padre, nimekuwa mvivu wa sala, mvivu wa kazi, mvivu wa kwaya. Napewa malipizi, nayatimiza, na wiki inayofuata niko palepale. Nikaanza kuamini kwamba Mungu amenichoka kama nilivyojichoka mwenyewe.

Mara ya nne nilimkuta padre mzee aliyekuja kusaidia parokiani kipindi cha Kwaresima. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea. "Unalala vizuri? Unakula? Lini mara ya mwisho kitu kimekufurahisha?" Swali la tatu lilinishinda. Nikalia. Akaniambia, "Mwanangu, sala usiache. Lakini Jumatatu nenda hospitali. Na leo ukitoka hapa, kwanza ukale."

Uchovu na sonona vinahusianaje?

Hospitali walipima malaria, wingi wa damu na sukari. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo daktari akakaa na mimi na kuniuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, mawazo yangu, na kama nimewahi kutamani kufa. Mwisho akaniambia nina sonona.

Wengi tunadhani sonona ni huzuni tu, mtu analia kutwa. Kumbe kuishiwa nguvu ni mojawapo ya dalili zake kubwa. Nyingine ni kukosa raha hata kwa vitu ulivyovipenda, usingizi kuharibika (wengine hawalali, wengine wanalala mno), hamu ya kula kubadilika, kushindwa kutuliza akili, kujiona huna thamani au una hatia kwa kila kitu, na kufikiria kifo. Dalili hizi zikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo sio stresi ya mtihani. Ni jambo la kumwona daktari.

Kwa nini inachosha hivyo? Kwa sababu ubongo ndio unaoongoza usingizi, njaa, hamu na nguvu ya kuanza jambo. Ukiugua, vyote hivyo vinayumba pamoja. Halafu kuna mzunguko mbaya: umechoka, kwa hiyo unaacha kwenda kwaya, unaacha marafiki, unaacha kutembea. Ukiviacha, unakosa vile vilivyokuwa vinakupa furaha, moyo unazidi kuzama, na uchovu unaongezeka.

Njia hii pia inapitika pande zote mbili. Ugonjwa wa muda mrefu au kukosa usingizi kwa miezi kunaweza kumsukuma mtu kwenye sonona. Na sio kila uchovu ni sonona: upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, VVU na matatizo ya tezi ya shingo navyo huchosha. Ndio maana tunapima. Usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, na usijipe jina la dhambi mwenyewe pia.

Nabii aliyechoka

Chukua Biblia yako, fungua 1 Wafalme 19. Elia ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali. Ungetegemea awe anashangilia. Badala yake, malkia Yezebeli anamtishia, naye anakimbia mpaka Beersheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake. Anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Halafu analala.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hamkemei. Hamwambii kwamba nabii hapaswi kujisikia hivyo. Anamtuma malaika anayemgusa na kumwambia aamke ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Elia anakula, anakunywa, analala tena. Na Mungu anamwacha alale! Malaika anarudi mara ya pili, na anakiri kabisa kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu za Elia. Baada ya chakula cha pili ndipo Elia anatembea siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko anakoisikia ile sauti ndogo, tulivu.

Kabla ya sauti, mkate. Kabla ya utume mpya, usingizi. Mungu aliyemuumba Elia alijua kwamba roho yake inakaa kwenye mwili, na mwili ule ulikuwa umeisha. Tena huko Horebu anamwambia kwamba hayuko peke yake, wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, na anampa Elisha awe msaidizi wake. Chakula, mapumziko, mtu wa kutembea naye. Padre yule mzee hakubuni kitu kipya.

Kanisa linatufundisha nini?

Uvivu ni mojawapo ya mizizi saba ya dhambi, hatukatai. Lakini dhambi inahitaji utashi: najua jema, naliweza, nalikataa. Mgonjwa wa sonona mara nyingi analitaka jema mpaka analia, ila nguvu hana. Mvivu anachoka kazi ikifika na anachangamka mpira ukianza. Mwenye sonona hata mpira haumwamshi. Hicho sio kipimo cha daktari, lakini kinaweza kukusaidia kujiuliza vizuri unapotafuta dhamiri.

Katekisimu (KKK 2288) inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na tunapaswa kuzitunza kwa busara. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuagiza kumheshimu daktari, kwa sababu naye ameumbwa na Bwana, na dawa zinatoka ardhini kwa mapenzi yake. Na sura hiyohiyo inamwambia mgonjwa asali. Sala na daktari, vyote pamoja.

Novemba 2003, Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza na mkutano wa kimataifa uliofanyika Vatikano kuhusu sonona. Alisema ugonjwa huu daima ni jaribu la kiroho pia, na akawataka wanaohudumia wagonjwa wawasaidie kujithamini tena na kupata hamu ya kuishi. Hakusema waambiwe waache uvivu.

Kwetu ukitaja kliniki ya afya ya akili, watu wanawaza Mirembe na kuanza kucheka. Basi mkumbuke Mtakatifu Louis Martin, baba yake Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Mwaka 1889 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, Ufaransa, akakaa miaka mitatu. Binti zake waliumia sana kwa maneno ya watu. Leo ni mtakatifu. Papa Fransisko alimtangaza pamoja na mke wake Zélie tarehe 18 Oktoba 2015. Hospitali ile haikumfungia mlango wa mbinguni.

Tufanye nini?

1. Mwambie mtu mmoja wiki hii. Mzazi, padre, sista, kiongozi wa vijana. Usiseme "nimechoka tu". Sema tangu lini, na imekuzuia nini.

2. Nenda hospitali upimwe. Ukiambiwa ni sonona, inatibika: kuna ushauri nasaha na kuna dawa. Dawa huchukua wiki kadhaa mpaka zifanye kazi, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano, na usiziache ghafla bila daktari. Mimi nafuu niliiona kidogokidogo. Siku moja nilishtuka najisikia njaa!

3. Fanya kidogo kila siku. Tembea dakika kumi jua likiwa limetoka. Amka saa ileile. Kula hata kama hakuna ladha. Pombe iache, inazidisha.

4. Sali kidogo lakini kweli. Rozari nzima ikikushinda, sali fumbo moja. Hilo nalo likikushinda, tamka jina la Yesu tu. Anatosha.

5. Wewe ambaye huumwi: kabla hujamwita mwenzako mvivu au amepoa, mpelekee chakula, msindikize kliniki. Uwe malaika wa Elia, usiwe Yezebeli.

Na kama leo unawaza kama Elia alivyowaza chini ya ule mti, kwamba bora ufe, usibaki peke yako usiku huu. Mpigie mtu sasa hivi, mwambie wazi, aje akae na wewe au akupeleke hospitali iliyo karibu. Elia alidhani amefika mwisho. Kumbe alikuwa na njaa, amechoka, na Mungu alikuwa bado ana safari naye.

Tusali: Ee Bwana, unajua mwili wangu na roho yangu. Nimechoka. Nitumie mkate wako, nitumie mtu wa kunigusa bega, na unipe unyenyekevu wa kukubali msaada. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.