Mbolea iliyopotelea hewani

SWALI: Baada ya kutia urea, majaruba yangu yalikauka. Nilipoyajaza maji tena, mpunga ukawa njano. Mbolea imekwenda wapi?

JIBU: Usiulaumu mfuko. Huenda nyingi imeruka hewani. Udongo ulipokauka, bakteria waligeuza amoniamu iliyotokana na urea kuwa nitrati. Maji yaliporudi, oksijeni ikaisha, na bakteria wengine wakaitumia nitrati hiyo kupumulia, wakaiachia kama gesi ya nitrojeni. Kasi yao hufuata chakula: ukifukia mabua mabichi, kaboni huwa tele na upotevu huongezeka. Hata shaba inahusika (wengi hawaijali), maana kimeng'enya cha hatua ya mwisho huihitaji. Ikikosekana, hutoka oksidi ya nitrasi, inayopasha dunia joto. Msimu ujao fukia urea sentimita 7 hadi 10, na jaruba lisikauke.