NYAYO ZA JAMAA YA MBWA

Likizo kubwa inakaribia, na wengi wetu tutaingia mu pori pamoja na baba na wajomba kwa kuwinda. Basi tusome nyayo za nyama wa jamaa ya mbwa, maana hapa Katanga watu wanazichanganya sana.

Tazama kwanza vidole. Mbwa, mbweha na mbwa mwitu wote wanaacha alama za vidole vine, na mbele ya kila kidole tundu dogo la ukucha. Chui naye anaacha vidole vine, lakini anaficha kucha akitembea, na alama yake ni ya mviringo. Ya mbwa ni ndefu kidogo, na kati ya vidole na kitanga cha nyuma udongo unabaki umeinuka sawa herufi X.

Kisha pima. Kisanduku cha kiberiti kinatosha: urefu wake ni karibu sentimeta 5, na mguu wa mbweha ni karibu vile. Wa mbwa mwitu unafika 7 ao zaidi. Lakini mbwa wa kijiji wako wadogo na wakubwa, kwa hiyo kipimo peke yake kitakudanganya. Ufuate njia. Mbweha anaenda moja kwa moja. Mbwa wa nyumbani anazunguka, ananusa, anarudi. Mbwa mwitu wanatembea kwa kundi. Ukiona nyayo zao, uwaache: wamebaki wachache sana katika Afrika nzima.

Fisi ndiye mwenye kutushinda. Anaonyesha vidole vine na kucha, lakini haiko mu jamaa ya mbwa hata kidogo. Iko karibu zaidi na paka. Mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, karibu sentimeta 10, na kitanga chake kimeinama upande.

Hiyo tuliijua kwa kuchelewa. Asubuhi moja mbuzi mzima alikutwa ameliwa karibu na mto. Tuliona nyayo za mbwa mu matope, tukazifuata mpaka kwa jirani, na mbwa wake tukamwua kwa fimbo. Mchana mzee mmoja muwindaji akashuka ku mto pamoja nasi. Akainama, hakusema neno. Akatuonyesha alama kubwa, pana, na juu yake alama ndogo ya mbwa imeikanyaga. Mwenye kukanyaga juu ndiye aliyefika nyuma. Fisi alikula usiku. Mbwa alikuja kulamba mifupa tu.

Jioni tulienda kwa mwenye mbwa. Alitupa viti, tukaeleza yote mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu:

«Watoto wangu, mlipima saa ngapi?»