Tarakimu Saba za Kuifuata Meli

Hapa Rooty Hill, magharibi ya Sydney, bahari huioni. Lakini mama akipiga simu kutoka Tanga kuuliza mdogo wangu baharia amefika wapi, jibu analitaka kwangu. Ukiwa na ndugu kwenye meli ya shehena ya kichele, muombe namba ya IMO, ile ya kuitambulisha meli, kabla hajapanda. Usiridhike na jina.

Majina hubadilika. Tarehe 8 Juni 2007 dhoruba iliitupa Pasha Bulker kwenye ufuko wa Nobbys, Newcastle, ilipokuwa ikisubiri kupakia makaa ya mawe. Baadaye ikapewa jina jingine. Namba yake, 9317729, ikabaki ileile. Tena namba hiyo hujihakiki. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisha: hapa unapata 139, na ile 9 ya mwisho ndiyo tarakimu ya saba. Isipooana, umeinakili vibaya.

Iandike kwenye tovuti ya MarineTraffic uone meli ilipo. Bendera, mmiliki na ukaguzi viko kwenye tovuti ya Equasis. Kujiandikisha ni bure. Kwenye vipimo, tani zisikuchanganye: DWT ni uzito wote inaoweza kuchukua, shehena pamoja na mafuta na maji; GT hupima nafasi ya ndani, si uzito.

Mimi hutazama zaidi kina cha meli majini. Ikiingia bandarini na mita 7 ikatoka na 12, imepakia. Ila kina na bandari iendako huandikwa na mabaharia wenyewe, na wakisahau, utasoma habari za safari iliyopita. Mahali ilipo na mwendo wake hutoka kwenye mitambo. Hivyo ndivyo vya kuamini kwanza.

Halafu meli itapotea. Usiogope. Minara ya pwani hunasa mawimbi yake kwa maili 40 za baharini hivi. Ng'ambo ya hapo ni setilaiti, na huduma hiyo kwa kawaida hulipiwa. Kabla haijapotea, andika saa, mahali na mwendo. Kwa maili 12 kwa saa, itakata 288 kwa siku. Gawanya masafa yaliyobaki kwa hizo, uongeze siku mbili za upepo na foleni ya nanga. Siku hiyo ndiyo ninayompa mama.