Historia Ina Faida Gani kwa Mtoto wa Sekondari?



Mtoto akichaguliwa kwenda sekondari, nyumba nzima hufurahi. Mbuzi huuzwa, sare na madaftari hupatikana. Miaka inapita, mtoto anafika kidato cha nne. Sasa anatakiwa kuchagua masomo ya kidato cha tano. Akisema, "Baba, mimi nachagua HGL," yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, mara nyingi maneno huanza. "Mambo ya wafu yatatusaidia nini? Historia haijazi tumbo!"

Hatuwalaumu wazazi wanaosema hivyo. Fedha ni ngumu, na kila mzazi anataka mtoto wake apate kazi. Wala hatusemi kwamba sayansi haina maana. Nchi inahitaji waganga na mafundi. Lakini Historia, Jiografia na Uraia humfundisha mtu jinsi ya kulinda haki yake. Nasi tunaokaa chini ya Mlima Meru tunao ushahidi hapa hapa nyumbani.

KESI YA ARDHI YA WAMERU

Wajerumani walipoitawala Meru, waliwagawia walowezi sehemu kubwa ya ardhi ya chini ya mlima. Walowezi ni wazungu waliokuja kukaa na kulima. Wameru na Waarusha wakabanwa juu, kati ya mashamba hayo na msitu. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shida ya ardhi haikwisha.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliamua kuwaondoa Wameru katika Engare Nanyuki, ambayo leo huandikwa Ngarenanyuki. Ilitaka kuwapa walowezi ardhi hiyo wafuge ng'ombe. Wameru waliambiwa wahamie King'ori. Wakakataa. Mwezi Novemba mwaka huo askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Walipotakiwa kupokea fidia, walikataa, maana waliona kupokea fidia ni kukubali kwamba ardhi si yao tena.

Sasa wangefanya nini? Aliyewafukuza ni serikali yenyewe. Ukidhulumiwa na hakimu, utamshtaki kwa nani?

WALITUMIA ELIMU GANI?

Hapa ndipo tunapoiona faida ya masomo haya.

La kwanza ni Uraia. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini. Maana yake, Mwingereza aliitawala kama mtu aliyekabidhiwa mali ya yatima, naye alipaswa kutoa hesabu kwa Umoja wa Mataifa. Kila miaka mitatu wajumbe wa Umoja huo walikuja kutazama hali ya nchi. Tena sheria yake ilimruhusu mwananchi wa nchi ya udhamini kupeleka malalamiko yake huko. Wameru walikuwa na viongozi waliolijua jambo hilo. Asiyelijua angebaki kupiga hodi kwa Bwana Shauri mpaka achoke.

La pili ni Historia. Mtu akidai ardhi, huulizwa: Nani alikaa hapa? Tangu lini? Ilichukuliwa na nani, na kwa njia gani? Maswali hayo hayajibiwi kwa kupiga kelele. Hujibiwa kwa kueleza mambo yaliyopita kwa mpango, pamoja na ushahidi.

La tatu ni Jiografia. Ardhi zote si sawa. Wafugaji hawa walijua tofauti ya ardhi waliyonyang'anywa na ile waliyopewa: wapi pana maji, wapi pana joto, wapi ng'ombe atapona na wapi atakufa. Kuyaeleza hayo kwa mtu wa mbali ambaye hajaiona Meru ni kazi ya Jiografia.

Basi Wameru walichanga fedha. Walimchagua Kirilo Japhet awe msemaji wao, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alifika New York akazungumza mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa. Mwalimu Nyerere alizungumza huko baadaye, mwezi Machi 1955. Kwa hiyo mtu wa Meru alitangulia.

JE, WALISHINDA?

Tuseme ukweli. Katika kamati, wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru. Lakini katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa hazikupatikana kura theluthi mbili zilizohitajika. Ardhi haikurudishwa wakati ule.

Hata hivyo safari haikuwa ya bure. Dunia ilisikia. Kirilo aliporudi aliwaeleza watu wa sehemu mbalimbali za Tanganyika habari za Meru. Watu wakaona kwamba shida ya ardhi si ya Wameru peke yao, na kwamba anayetawaliwa anaweza kusimama akasema. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na mwaka 1961 tukapata Uhuru.

NA LEO JE?

Mtu atasema, "Hayo yamepita. Mkoloni kaondoka." Sawa, kaondoka. Lakini ardhi ipo, na ugomvi wa mipaka upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wetu sisi watu wazima wote wa kijiji. Je, wangapi tunalijua hilo? Mtoto aliyesoma vizuri Uraia na Historia atakaa mkutanoni akauliza: "Jambo hili lilipitishwa lini? Muhtasari uko wapi?" Mtoto huyo amejaza tumbo la nyumba yake, maana shamba likienda, tumbo nalo limekwenda.

Serikali nayo imeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hii ni nafasi nzuri kwetu wazazi. Mwambie mtoto, "Mwanangu, hebu tusomee." Kisha nawe mweleze uliyoyasikia kwa babu na bibi. Mkifika mjini Arusha, tembeleeni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Yalifunguliwa mwaka 1977 kukumbuka Azimio la 1967. Tazameni pia Boma la zamani la Wajerumani. Asiyejua alikotoka hajui aendako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Wameru walikataa kupokea fidia?
2. Nchi ya udhamini ilikuwa na tofauti gani na koloni la kawaida?
3. Wameru hawakupata kura za kutosha. Je, walifanya vizuri kuchanga fedha zao? Toeni sababu.
4. Mkutano Mkuu wa kijiji chenu ulikaa lini mara ya mwisho? Nani anayo kumbukumbu yake?
5. Mwulizeni mzee mmoja habari za shamba au mpaka wa zamani kijijini. Ziandikeni katika daftari, pamoja na jina lake na tarehe mliyozungumza naye.