Mtoto Atikisikaye Viungo



Miaka kadha iliyopita palikuwa na mvulana katika darasa langu la kipaimara, ambaye kila mara alipepesa macho, akainua bega na kuguna kooni. Nilimkemea mbele ya wenziwe, nikidhani anifanyia mzaha. Mitikisiko ikazidi, na juma la pili hakuja. Bibi yake akaniambia ya kuwa hata mezani hutikisika vivyo hivyo, wala hapendi. Ndipo nilipojua nimemwonea. Kwa hiyo na tujifunze habari hii.

Kwanza, ni kitu gani? Ni mwendo wa viungo, au sauti, ujao ghafula pasipo kutakwa. Mtoto aweza kuuzuia kidogo, kama mtu azuiavyo chafya, kisha humshinda. Mara nyingi huanza katika miaka 5 hata 7, huonekana zaidi kwa wavulana, na hufuata ukoo. Wengi hupata nafuu wakiwa vijana. Mganga Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, alieleza ugonjwa wa namna hii mwaka 1885.

Pili, kinga ya mwili yahusikaje? Mwilini mmo askari wapiganao na vijidudu. Kijidudu kiitwacho streptokokasi huleta maumivu ya koo. Kwa watoto wengine askari hao wakiisha kukipiga hukosea, wakaupiga mwili wenyewe, kama mbwa wa boma amrukiaye mwana wa nyumbani gizani. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, iumizayo maungio na moyo. Ikigusa ubongo, mikono na miguu huchezacheza ovyo, kikombe humponyoka mtoto, mwandiko huharibika. Thomas Sydenham, mganga Mwingereza, alieleza jambo hili mwaka 1686. Laweza kutokea miezi kadha baada ya koo kupona. Ndiyo sababu watu hawakumbuki lile koo, bali hutafuta mchawi.

Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake huko Marekani waliandika habari za watoto 50 waliopatwa ghafula na mitikisiko, au mawazo yasiyowaacha, baada ya kijidudu hicho. Walidhani kosa ni lile lile la askari. Waganga wangali wakijadiliana. Basi tusiseme kwamba kila mtoto apepesaye macho aliugua koo.

Tatu, yatupasa nini?

1. Tusimpige mtoto wala kumcheka, maana hofu huzidisha mitikisiko. Wala tusifanye haraka kusema ana pepo.

2. Mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati. Akipewa dawa, aimalize yote.

3. Ambaye viungo vyake vyacheza ovyo aonwe na daktari upesi, na moyo wake upimwe, ama Hospitali ya Huruma hapa Rombo, ama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mchezo wa viungo hutulia kwa kawaida baada ya miezi, lakini moyo waweza kubaki na kilema. Kwa hiyo sindano ya penisilini hutolewa kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Mzazi asiiache kwa kuwa mtoto aonekana mzima.

Mvulana yule nilimwendea kwao, nikamwomba radhi. Alirudi darasani. Nikamkalisha karibu na mlango, apate kutoka kidogo akitaka, wala hakuna aliyemcheka tena.

Maswali: Kwa nini wazazi husahau lile koo? Je, katika darasa lako yuko mtoto uliyemkemea bure?