SOMO: WITO WAKO HAUKUBAKI NYUMBANI

Masomo: Wakolosai 3:17, 23–24; Waefeso 2:8–10



Wengi wetu hapa kambini husema, "Zamani nilikuwa mwalimu," au "Nilikuwa na shamba, sasa ni mtu wa kungoja tu." Je, Mungu naye anangoja turudi kwetu ndipo atutumie? Hapana.

1. Wito ni kumtumikia jirani
Zamani za Martin Luther, watu wengi walidhani walioitwa na Mungu ni mapadri na watawa tu. Luther, aliyekuwa mtawa, alifundisha kwamba hata mama anayemwosha mtoto wake kwa imani anamtumikia Mungu. Kazi hiyo haituokoi; tumeokolewa kwa neema. Kwa kuwa hatuna deni la kulipa mbinguni, mikono yetu iko huru kumsaidia jirani. Cheti chako kiliungua? Mtoto asiyejua kusoma bado yupo hapo jirani. Bibi asiyeweza kubeba maji kutoka bombani yupo pia.

2. Nyumba yako ni kanisa
Mwaka 1528 Luther alitembelea sharika za Saksonia akakuta wengi hawajui hata Sala ya Bwana. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, ili wenye nyumba wafundishe jamaa zao. Humo anaelekeza: ukiamka, fanya ishara ya msalaba, sema Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana, kisha uende kazini kwa furaha. Jioni fanya vivyo hivyo, ukalale kwa amani. Haya yanawezekana hata ndani ya hema, hata kwa mama anayelea peke yake.

3. Mungu hufanya kazi hata mafichoni
Sisemi kwamba Mungu alipendezwa tulipofukuzwa kwetu. Vita ni dhambi, na kulia kwetu si ukosefu wa imani. Luther mwenyewe, baada ya kuhukumiwa mwaka 1521, alifichwa katika ngome ya Wartburg kwa jina lisilo lake. Alilalamika kwa upweke na ugonjwa. Lakini humo ndimo alimotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapwa mwaka 1522.

Maswali ya kujadili nyumbani:
(a) Jirani yangu wa karibu anahitaji nini wiki hii?
(b) Ni saa ngapi jamaa yetu itasali pamoja?

Bwana awabariki katika kazi za mikono yenu. Amina.